Skauti wa Kweli Hununua Chapati

 

Leo tunaanza na utani. Tukifika katikati sura zitabadilika, msiseme hatukuwaonya.

Kuna mchezaji mmoja wa besiboli tunayemfuatilia. Msidhani ni staa. Ni mdogo wetu, tuliyecheza naye mpira wa makaratasi hapa hapa kambini mpaka familia yake ilipopata ndege mwaka 2019. Sasa anasoma sekondari huko Ohio, Marekani, na shule imemuingiza kwenye timu ya besiboli. Kuingizwa kwenye timu, ndiyo. Kuchezeshwa ni habari nyingine. Muda mwingi yuko benchi anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda chini, na anatuapia kwamba huko hiyo ni sehemu ya mchezo. Sisi huku alizeti tunakamua mafuta. Wenzetu wanaitema mbele ya kocha na hakuna anayewagombeza!

Mechi zao ni jioni baada ya masomo, huku kwetu inakaribia saa sita usiku. Kuna mzazi huko anazirusha moja kwa moja kwa simu. Basi tunachanga bando: simu moja, watu saba, shuka moja juu ya vichwa ili mwanga usimuamshe mama.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: mmoja anarusha mpira, mwingine ana gongo. Ukikosa mara tatu unarudi kukaa. Ukiupiga vizuri unakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu unarudi pale pale ulipoanzia, na hapo ndipo unapata alama. Sekondari wanacheza mizunguko 7, wale wa kulipwa 9. Kukimbia roho juu, kituo hadi kituo, ukitafuta namna ya kurudi nyumbani: jameni, mkimbizi gani anahitaji kocha wa kumfundisha huo mchezo?

Sasa utani wetu ni huu. Sisi ni maskauti. Si wale wa kaptula na kamba, hapana, tunasema wale wanaotumwa na klabu kutafuta vipaji. Maskauti wa besiboli wa Marekani wana kipimo chao kinachoanza 20 na kuishia 80. Mchezaji wa kawaida kwenye ligi kuu ni 50. Ukipewa 80 wewe ni wa ajabu, ni wachache mno duniani. Wanatembea pia na kifaa cha kupima mwendo wa mpira, kimekaa kama bastola. Skauti mpendwa, ukija kambini hicho kifaa kiache kwenye begi, tutakimbia wote na hautapata wa kupima.

Kila mechi ikiisha tunamtumia mdogo wetu ripoti. Ya juzi ilisomeka hivi: mkono wa kurusha, 40. Mbio, 35, akifukuzwa na mbwa 60. Kupiga, 20, na hiyo 20 tumempa kwa sababu kipimo hakina sifuri. Kukaa benchi, 70. Kula hot dog mkono mmoja bila kuchafua jezi, 80, hicho ni kipaji cha kuzaliwa.

Anajibu kwa sauti, anapiga kelele: "Nyie maskauti gani? Hamjawahi hata kushika gongo!" Uongo. Tumeshika mchi wa kutwangia sombe, na mpira wetu ni soksi iliyojazwa mifuko. Dirisha la jirani ni shahidi.

Chakula nacho kina ripoti yake. Pembeni ya uwanja wao kuna kibanda, wazazi wanauza kwa zamu na faida inanunua mipira na jezi. Wanauza hot dog, bisi, chipsi za mahindi zilizomwagiwa jibini ya moto yenye rangi ya chungwa (mdogo wetu anasema usiulize imetoka wapi, kula tu), na chokoleti ya moto, maana msimu wao unaanza Machi na Ohio mwezi huo bado ni friji. Siku moja mama yake akapeleka sambusa za kujaribu. Mzunguko wa tatu haukuisha, sinia jeupe. Sasa wazazi wa timu pinzani wakishuka kwenye gari wanauliza kwanza: yule mama wa sambusa yupo? Mtoto yuko benchi, mama ndiye staa. Sisi maskauti tulimpa 80 bila kikao.

Na sisi si wa kwanza kutania hivi. Tarehe 1 Aprili 1985, gazeti la Sports Illustrated liliandika habari ndefu ya kijana anaitwa Sidd Finch, ati amejifunza mambo ya yoga Tibet, anarusha mpira kwa mwendo wa maili 168 kwa saa, karibu kilomita 270, mguu mmoja kavaa buti na mwingine peku. Mwandishi George Plimpton aliitunga yote. Mashabiki wa New York Mets wakashangilia kwamba wamepata mkombozi. Tarehe yenyewe ilikuwa pale pale juu, Sikukuu ya Wajinga! Baadaye gazeti likakiri, watu wakacheka, na hakuna aliyeuza mbuzi.

Haya. Tumefika kwenye mbuzi.

Mnakumbuka Januari 2025, Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi. Kuna watu kambini walikuwa wameshapima afya, wameshagawa vyombo kwa majirani, wakarudi kuomba vyombo vyao. Miezi michache baadaye akaja mtu uwanjani kwetu. Kofia safi, filimbi shingoni, tableti mkononi. Akasema yeye ni skauti wa besiboli, anatafuta mikono ya Kiafrika kwa ajili ya sekondari za Marekani. Masomo bure, chakula bure, kucheza kila siku.

Kilichotumaliza ni kwamba nusu ya maneno yake ilikuwa kweli tupu. Alisema watoto wa Lugazi, hapa hapa Uganda, walifika Williamsport mwaka 2012 wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League. Kweli. Alisema mwaka 2022 Dodgers waliwasaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Kweli. Alisema Dennis Kasumba, yule tunayemuona kwenye simu akifanya mazoezi na matairi, alikwenda kucheza Marekani mwaka 2023. Kweli. Tuliangalia moja moja kwenye simu, yote yapo. Sasa mtu anayesema kweli tatu mfululizo, ya nne unaisikiliza umeshafungua mkono.

Ya nne ilikuwa shilingi 50,000 ya kujiandikisha. Ya tano 120,000 ya barua ya shule. Ya sita hata hatutaki kuiandika.

Mwenzetu mmoja, mdakaji wetu, mama yake aliuza mbuzi na magunia ya mahindi yaliyokuwa yasubiri bei ipande. Barua ikaja kweli, ina nembo na sahihi. Tukampigia picha mdogo wetu wa Ohio, akaitafuta hiyo shule. Ipo. Ni shule ya msingi, ina watoto wa miaka sita. Mdakaji wetu ana miaka kumi na tisa na ndevu.

Tulipompigia yule bwana, simu haikupatikana, na hadi leo haipatikani.

Tukikaa tukakumbuka siku zile, ishara zilikuwa mbele ya macho. Alikaa uwanjani siku tatu na hakununua kitu. Hakununua chapati, hakununua karanga, hata miwa. Skauti anayekuja kutazama mchezo anakaa masaa, ana njaa kama watu wengine. Huyu hakuwa anatazama mchezo, alikuwa anatazama wazazi. Na kubwa kuliko zote: kila mtu alimpa 80. Vijana ishirini na mbili, wote 80! Hata yule wetu anayefumba macho mpira ukija. Sisi tunaompenda mdogo wetu tulimpa 20 usoni kwake.

Tunachosema ni hiki, na tunajua baadhi yenu mtabisha. Mdakaji wetu si mjinga. Kambini neno hilo limezunguka, na ndilo lililomfungia ndani. Haji uwanjani, akiona wenzake anageuza njia. Basi sikilizeni: mwaka 2021, huko huko Ohio, watu walijitangaza kuwa sekondari inayoitwa Bishop Sycamore. Mechi yao ya mpira wa Kimarekani ikaonyeshwa ESPN, taifa zima linatazama, wakafungwa 58 kwa 0. Watu ndipo wakaanza kuuliza: hii shule iko wapi hasa? Uchunguzi wa serikali ya jimbo ukasema ni utapeli. Televisheni kubwa ina wanasheria na ofisi za ghorofa, ikapigwa. Sisi tuna bando la kuchanga. Kwa hiyo anayemcheka mama aliyeuza mbuzi akaanze kwanza na ESPN.

Halafu kuna mambo ambayo mtu mmoja angetuambia mapema, pesa ile ingebaki. Skauti wa klabu analipwa na klabu, hakuna siku anamlipisha mchezaji. Ule mnada wa vijana unaoitwa draft ni wa wanaoishi au kusoma Marekani, Kanada na Puerto Rico, kijana wa Nakivale hawezi kuitwa humo. Shule nayo: kwa viza ya mwanafunzi, ile F-1, mgeni anaruhusiwa sekondari ya serikali ya Marekani kwa miezi 12 tu, na lazima alipe gharama yote mwenyewe. Kwa hiyo mtu akikwambia sekondari ya serikali, miaka minne, bure, kwa F-1, ameshajichoma mwenyewe. Mdogo wetu anasoma bure kwa sababu aliingia kama mkimbizi na familia yake, ni mlango tofauti kabisa. Na makaratasi si mchezo hata kwa wenye nchi yao. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Kampala ilishinda nafasi ya kwenda zile fainali za Williamsport, ikanyimwa viza kwa sababu ya utata wa karatasi za umri wao. Kasumba mwenyewe alinyimwa kabla ya kupata. Mtu anayesema viza ni wiki mbili anakuuzia nini?

Sasa nyie wa mashirika. Tunawaheshimu, wengi wenu mmetusaidia. Lakini mnakuja na semina ya utapeli saa nne asubuhi siku ya kazi, ukumbini, wakati sisi tuko shambani au kwenye foleni ya chakula. Mabango yenu yanaonya juu ya kazi za Uarabuni, na ni vizuri, ila la michezo hatujaliona hata moja. Na tulipopeleka ile barua kwenye ofisi moja kabla pesa ya mwisho haijatoka, tulijibiwa kwamba hilo haliko kwenye kitengo chao. Jibu lilichukua dakika moja. Kuitafuta ile shule kulimchukua mdogo wetu dakika tano, akiwa benchi, mdomo umejaa alizeti.

Tunachoomba ni kidogo: mtu mmoja, Jumamosi, uwanjani, pembeni ya mama wa chapati, mwenye simu na bando, anayejua kusoma barua za Kiingereza. Asilete kizibao wala fulana za kugawa. Aketi. Watu watamletea karatasi zao wenyewe, hasa akionekana anakula.

Wengine wenu mnatuambia suluhisho ni kuacha ndoto za michezo tukajifunze kushona. Kushona tunajifunza, dada zetu wawili ndio walioshona zile besi zetu za magunia. Lakini Serunkuma na Male ni watu wa kweli, Lugazi ni mji wa kweli, basi linakwenda. Hatutakubali kwamba kosa ni la aliyeota wakati aliyeiba anatembea na kofia yake safi.

Utani tunaendelea nao. Tangu ile barua tumeanza kuandika ripoti za kila mchezaji wa hapa, ubaoni, mbele ya watu wote, na sheria ni moja: hakuna 80 isipokuwa kwa chakula. Mwanzo watu walinuna. Sasa wanakuja kubishana: "Mimi mbio 45? Nitazame tena!" Na wakibishana wanatazamana kwa makini, mpaka mgeni mwingine mwenye tableti alipopita mwezi uliopita akaanza kusifu kila mtu, mtoto wa miaka kumi na mbili akamuuliza kwa heshima zote: mjomba, umekula?

Aliondoka na boda kabla ya mapumziko.

Jumamosi hii saa kumi tunacheza, wa juu na wa bondeni. Mama wa chapati atakuwepo, yule wa rolex ameahidi mayai mawili kwa bei ya moja kama wa bondeni wakishinda, kwa hiyo tunashuku tayari ameuza mechi. Mdakaji wetu, tunajua unasoma hapa, simu ya dada yako inatuonyesha. Tangu uondoke anadaka yule anayefumba macho. Ripoti yako haijafutwa: mkono 45, mikono ya kudaka 55, kupiga 30, madeni ya chapati mbili. Njoo ulipe.