Daftari la Duka ni Amana



Wengi wetu tuna binti, dada au mkaza mwana aliyehamia Nairobi, akafungua kibanda cha nguo Kibera, upande wa Makina, au duka la vyakula Kawangware. Zamani daftari lake lingekuwa la karatasi. Leo limo ndani ya kompyuta. Hapo ndipo huja swali: alipie programu ya hesabu kila mwezi, au achukue programu huria isiyo na ada?

Kabla ya bei, na tuangalie kilichomo daftarini. Mna majina ya wanaodaiwa na wanaomdai, na kiasi kilicholipwa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu uandishi wa deni. Basi programu hii ni karani, na karani hutazamwa uaminifu kwanza, kisha ujira.

Programu ya kulipia ni mfano wa nyumba ya kupanga. Paa likivuja, mwenyewe hulitengeneza. Na mara nyingi nakala ya hesabu hukaa kwake hata kompyuta yako ikiibwa. Huduma hiyo ina thamani, na ujira wake ni halali. Lakini kodi haijui kwamba mwezi huu biashara imelala. Tena nyingi hutozwa kwa dola. Ada ya dola 10 ilikuwa kama shilingi 1,230 mwanzoni mwa 2023. Januari 2024, shilingi ilipoporomoka, ikakaribia 1,600, na programu ni ile ile. Ukishindwa kulipa, huenda mlango ukafungwa na daftari likiwa ndani.

Programu huria ni mfano wa kisima cha wakfu. Maandishi yanayoiendesha yamewekwa wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuinakili na kuirekebisha. LibreOffice, iliyoanza 2010, hupanga hesabu bila intaneti. GnuCash imeundwa kwa ajili ya hesabu za fedha hasa. Wala jambo hili si geni kwetu: mwaka 2004, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na mwaka 2009 vijana wa Kibera waliichora ramani ya mtaa wao katika OpenStreetMap, ramani iliyo huria vilevile. Hata hivyo, kisimani hakuendwi bila ndoo na kamba. Yahitajika mtu wa kukufundisha, wa kutengeneza penye hitilafu, na nidhamu ya kuhifadhi nakala mwenyewe.

Iko na njia ya mkato: programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli na kuuzwa kwa bei ya chai. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisharia na haifai kuzivamia. Programu hizo pia huweza kubeba virusi vya kuharibu hesabu zote. Na maadamu kisima cha wakfu kipo, umaskini si udhuru.

Ushauri wetu ni huu. Mwenye kibanda anayefanya kazi peke yake, na ana kompyuta na jirani wa kumwelekeza, aanze na programu huria. Mwenye wahudumu kadhaa, bidhaa nyingi na mapato yasiyoyumba, akilipia hakukosea. Lakini wote wawili, kabla ya kuandika jina la mteja wa kwanza, waandike madeni matatu ya mfano, kisha wajaribu kuyatoa na kuyafungua katika programu nyingine. Yakitoka salama, karani huyo anafaa. Yakikwama, waiache, hata kama ni ya bure. Na kila Ijumaa nakala itiwe kwenye flashi, ikae nyumbani, si dukani.

Mteja aliyekwisha kulipa deni lake Kawangware hastahili kudaiwa tena kwa sababu ada ya programu imekatika.

Wabillahi tawfiq.