Kompyuta ya gemu imefika nyumbani, mtoto acheze nini?

MAJI ya bomba katika mtaa mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, hutoka usiku na hayana saa maalumu. Yakitoka, nyumba nzima huhangaika: ndoo, madumu, pipa la uani. Usiku mmoja mama wa nyumba hiyo alimwita mwanawe wa kidato cha pili aje kusaidia. "Namalizia, mama," kijana akajibu kutoka sebuleni, macho kwenye kompyuta. Robo saa ikapita, bado anamalizia. Nusu saa, bado. Alipotoka na ndoo mkononi, bomba lilikuwa linakoroma hewa na pipa halijafika nusu.

Mama hakugomba. Alikwenda ukutani akazima swichi.

Kompyuta ile ilikuwa na wiki tatu tu ndani ya nyumba. Ilinunuliwa kwa kuunganisha pesa ya mchezo wa mama na wenzake wa kazini, zamu yake ilipofika, na malipo ya baba ya kuhariri video za harusi mwisho wa wiki. Baba alihitaji mashine yenye nguvu, na kijana aliahidiwa kuitumia kwa gemu akifanya vizuri mtihani wa muhula. Pesa ya mchezo imekwenda kwenye mchezo, wakataniana siku ile inafunguliwa boksi. Usiku wa maji hakuna aliyetania, maana swichi ilipozimwa, diski ya nje yenye video ya sendoff ya mteja ilikuwa bado imechomekwa. Asubuhi haikufunguka. Nakala nyingine ilipatikana kwenye kadi ya kamera, lakini baada ya saa tatu za baba kupekua mabegi huku jasho likimtoka, na kufikia hapo mama alikwishasema neno lake: kompyuta irudi dukani.

Haikurudi. Lakini siku hiyo ndipo wazazi walipouliza kwa mara ya kwanza mtoto anacheza nini hasa. Swali hili wazazi wengi huliuliza wakiwa wamechelewa, kwa sababu wakati wa kununua, mazungumzo yote huwa ni ya bei, RAM na ukubwa wa kioo.

Jibu la kijana lilikuwa kwamba anacheza gemu ya mkakati, ya kutumia akili, si ya kupigana ovyo. Hakudanganya. Ilikuwa gemu ya mtandaoni ya timu, watano dhidi ya watano, ya bure. Raundi moja huchukua dakika 40 au zaidi. Anayeondoka katikati huwaacha wenzake wanne pungufu, hutukanwa, na mfumo humwadhibu kwa kumzuia kuingia raundi nyingine kwa muda. Kwa hiyo mama alipoita, mtoto alikuwa amebanwa kati ya amri ya mzazi na wenzake wanne asiowafahamu, ambao aliwasikia sikioni kwa vipaza sauti. Alichagua wale wanne. Hilo ndilo lililomuuma mama kuliko pipa.

Hapa ndipo mzazi anapaswa kuanzia anapochagua gemu. Kabla ya kuangalia picha nzuri au kusoma sifa, aulize: gemu hii inasimamia wapi? Mtoto akiitwa, anaweza kuiacha bila kupoteza kitu?

Gemu za mkakati ni familia kubwa na ndugu zake hawafanani tabia. Zipo za zamu, ambapo mchezaji hufanya hatua zake, hubonyeza kumaliza zamu, kisha mpinzani naye hucheza. Hizi ni bao la kwenye kioo. Babu wa kijana, aliyekuja kutoka Tanga kwa matibabu ya macho, alizielewa kabla ya baba. Mtu aliyekulia kwenye ubao wa mashimo 32 na kete 64, anayejua kuanza na kete 22 mkononi na kuilinda nyumba yake huku akimtega mwenzake, hahitaji kufundishwa mkakati ni nini. Alikaa nyuma ya mjukuu wake, akatazama, akauliza, "Sasa zamu ya nani?" Alipoambiwa ni ya mjukuu na hakuna saa inayomkimbiza, akasema, "Basi kunywa chai kwanza."

Maarufu kati ya za zamu ni Civilization VI, iliyotoka mwaka 2016. Mchezaji huanza na watu wachache, hujenga mji wa kwanza, kisha hupeleka taifa lake kutoka zama za kale hadi za vyombo vya anga. Anaweza kushinda kwa vita, lakini pia kwa sayansi, utamaduni au dini. Mtoto wa huku atakutana na vitu anavyovijua: Kongo ya Mvemba a Nzinga ni moja ya mataifa ya kuchagua, na Zanzibar imo kama mji unaojitegemea ambao ukishikamana naye vizuri hukupa mdalasini na karafuu, bidhaa usizoweza kuzipata kwingine kwenye ramani. Inaweza kupangwa ijihifadhi yenyewe kila zamu, jambo ambalo nyumba yenye umeme wa kukatika italishukuru.

Ina mtego wake, na mzazi asidhani kwamba utulivu ni usalama. Kila zamu kuna kitu kinachokaribia kukamilika: zamu mbili ghala liishe, zamu nne meli ifike, zamu moja mji ukue. "Zamu moja tu" imewakesha watu wazima wenye kazi zao, sembuse mtoto wa miaka 14. Saa za ukutani hazisaidii sana hapa. Familia ya Tabata ilijaribu kuhesabu zamu badala ya dakika: zamu 25 siku ya shule, kisha inahifadhiwa. Namba ya zamu inaonekana juu kwenye kioo, kwa hiyo hakuna ubishi. Kijana alilalamika kwamba mwisho wa gemu zamu moja ni ndefu kuliko za mwanzo. Ni kweli, na baba akamwachia faida hiyo.

Kundi la pili ni la muda unaokwenda mfululizo. Wakati mchezaji anafikiri, mpinzani anajenga. Age of Empires II ndiyo mkongwe wa kundi hili. Ilitoka mwaka 1999 na ikatengenezwa upya mwaka 2019, na bado ina watu. Unalima, unakata miti, unachimba dhahabu na mawe, unajenga jeshi. Ukicheza dhidi ya kompyuta, unaweza kuisimamisha kwa kitufe kimoja ukaenda kuteka maji. Ukicheza na watu mtandaoni, mambo ni yale yale ya usiku wa pipa. Tofauti hiyo haiandikwi kwenye jina la gemu, na gemu moja inaweza kuwa na pande zote mbili. Ni juu ya mzazi kukubaliana na mtoto ni upande upi unaruhusiwa siku za shule.

Ndani ya gemu hiyo zimo kampeni za kihistoria, zikiwamo za Sundjata wa Mali na Yodit wa Ethiopia. Imo pia ya Francisco de Almeida, Mreno ambaye msafara wake uliiteka Kilwa Julai 1505 na kuichoma Mombasa Agosti mwaka huohuo. Kampeni hiyo humweka mchezaji upande wa Almeida. Kijana aliifungua bila kujua, akacheza kidogo, kisha akamgeukia baba yake aliyekuwa akipasi shati.

"Baba, huyu si ndiye tuliyemsoma?"

"Nani?"

"Huyu wa Kilwa. Mbona hapa ndiye shujaa?"

Baba aliiacha pasi. Hakumwambia aifute. Walizungumza mpaka shati likapoa: nani aliyeiandika hadithi hii, ameanzia wapi kuisimulia, na watu wa Kilwa wangeianzia wapi. Kijana akaamua mwenyewe kuiacha kampeni ile na kwenda kwa Sundjata. Wiki iliyofuata akairudia ya Almeida, kwa maelezo kwamba anataka kujua inaishaje. Mzazi anayetaka gemu isiyo na mtazamo wa mtu fulani ndani yake atatafuta sana. Afadhali kukaa jirani.

Kuhusu umri, alama za PEGI za Ulaya husaidia kwa kuanzia. Namba kama 12, 16 au 18 huonekana kwenye kurasa nyingi za mauzo, na gemu hizi mbili zote ni za 12. Lakini alama hiyo hupima kilichomo ndani ya gemu. Haipimi mgeni atakayezungumza na mtoto kwa kipaza sauti saa nne usiku. Hilo huzimwa kwenye mipangilio, na linafaa kuzimwa kabla mtoto hajazoea kulisikia.

Halafu kuna suala la bando. Gemu kubwa za leo hufika makumi ya GB, nyingine zinazidi 100, na mzazi anayetumia intaneti ya simu anaweza kumaliza fungu la mwezi kwa gemu moja kabla haijachezwa. Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, huruhusu kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani, ilimradi gemu hiyo iwe inamilikiwa kwenye akaunti inayoipokea. Kama kwa binamu kuna intaneti ya waya, safari ya daladala ni nafuu kuliko bando.

Njia ya mkato inayojulikana ni kwenda na flashi kwa fundi akujazie gemu za kunakili. Kwenye kompyuta ambayo ndani yake kuna video za wateja na nywila za barua pepe za baba, hiyo ni kumkaribisha mwizi kwa kumfungulia mlango. Hata bila kirusi, nakala hizo mara nyingi hazipati masahihisho.

Na si lazima kununua. Zipo gemu za mkakati za bure kabisa, zilizotengenezwa na watu wa kujitolea, zisizo na matangazo wala kumwomba mtoto namba ya kadi. Battle for Wesnoth ni ya zamu, ya majeshi ya hadithi za kale, na haihitaji mashine kubwa. 0 A.D. inakaribiana na Age of Empires, na humo kuna dola ya Kushi. OpenTTD ni ya usafirishaji: unaanza na mkopo wa benki, unajenga barabara, reli na vituo, unanunua magari, na ukikosea hesabu kampuni inafilisika. Hii ya mwisho ni ndogo kiasi kwamba bando la siku linaitosha na chenji inabaki.

Anayenunua Steam ajue mambo mawili. Pesa hurudishwa ikiwa ombi limetumwa ndani ya siku 14 na gemu imechezwa chini ya saa 2. Kwa gemu za mkakati saa 2 ni kidogo, kwani mtoto anakuwa bado yuko kwenye mafunzo ya kuanzia. Ni bora atazame kwanza video ya mtu anayeicheza. La pili ni nyongeza. Gemu kama Europa Universalis IV huuzwa yenyewe kwa bei moja, kisha zipo nyongeza nyingi, kila moja kwa bei yake, na mtoto atazitaka zote. Mapunguzo makubwa huja mwishoni mwa Juni na mwishoni mwa Desemba, na kusubiri hakumuumizi mtu.

Duka hilo lina pia mpango wa familia, wa watu wasiozidi sita wa nyumba moja, ambapo mzazi huchagua gemu zipi mtoto azione, huweka ukomo wa muda kwa siku, na ombi la kununua humfikia yeye kwanza. Baba aliuweka jioni moja. Akaweka na kifaa cha UPS, si kwa ajili ya gemu bali kwa ajili ya diski.

Mama hakushiriki lolote kati ya hayo kwa wiki mbili. Kisha Jumamosi moja, baba yuko harusini, aliwakuta kijana na babu wakibishana mbele ya OpenTTD kwa sababu kampuni yao inakwenda chini. Mama ni mhasibu. Alisimama nyuma yao akiwa na mwiko mkononi, akatazama, akasema, "Sasa mnanunua gari la tano wakati hili la kwanza halijalipa?" Akaketi.

Saa tatu usiku kijana alisikia bomba la uani likikoroma. Akatoka, akaweka ndoo ya kwanza, akarudi mlangoni.

"Mama, maji yametoka."

"Nakuja," mama akajibu bila kugeuka. "Basi hili likifika tu kituoni."