Maneno Yasiyobisha Hodi

Tarehe 1 Juni 2019 Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, wengi sokoni walisema kwa kifupi kuwa "rambo" zimekwisha. Ni wachache waliojiuliza huyo Rambo ni nani.

Yafaa tuulize. Rambo ni askari wa sinema za Marekani aliyetoka katika vita vya Vietnam. Sinema ya kwanza ilitoka mwaka 1982. Katika ile ya pili, ya mwaka 1985, anarudishwa Vietnam, na huko apata peke yake ushindi ambao jeshi zima la nchi yake liliukosa. Picha yake ilichapwa kwenye mifuko, na jina la mtu likawa jina la mfuko. Nchi yetu haikuviunga mkono vita vile. Hata hivyo mama zetu wakabeba dagaa na nyanya kwa jina la askari yule. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, halikuulizwa.

Wako watakaosema kuwa mfuko ni mfuko tu. Twakubali, na kama jambo lingeishia hapo tusingepoteza wino.

Lakini liko neno "stelingi". Asili yake ni lile neno la Kiingereza lililotangulia jina la mchezaji mkuu kwenye kioo cha sinema. Watazamaji wetu walilichukua wakampa shujaa mwenyewe, na nyuma yake ikaja imani kwamba stelingi hafi. Leo twalisikia kwenye mpira, na hata katika mazungumzo ya siasa. Hapa ndipo tunapoona hatari. Katika sinema mtu mmoja huokoa wote, na waliobaki kazi yao ni kungoja. Mfanyakazi aliyezoea kusema hivyo kila siku ataanza, pasipo kujua, kumtafuta stelingi kiwandani kwake.

Mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa mwaka 1947 haukuwa na stelingi. Walioweka mizigo chini walikuwa wengi, na moto ule ukaenea hadi miji ya bara. Katika lugha ya sinema, watu wale wangeitwa nini? Hawana jina humo. Ni wapita njia.

Hatusemi kila neno la mtaani litupwe. "Bongo" ni mzaha wetu wenyewe, kwamba mjini mtu huishi kwa ubongo, na "zali la mentali" la Professor Jay limewapa watu namna ya kuicheka bahati. Mwaka 2006 wataalamu Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapisha kamusi ya lugha ya mitaani yenye maneno na misemo 1,100. Mengi humo ni werevu mtupu wa vijana, nasi twawapongeza.

Twaomba jambo moja tu kwa watangazaji, waalimu na wenyeviti wa matawi. Kitu kipya kifikapo, kipewe jina jepesi mapema. Baada ya rambo tuliletewa "mifuko mbadala", jina refu linalonuka ofisi. Mwuza nyanya hana nafasi ya kulitamka lote mteja akiwa amesimama mbele yake.