Tovuti ya Afya Ianze na Maneno

Hapa Al Nahda, mtaa wa Dubai unaopakana na Sharjah, kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15 kila mwaka ni marufuku kufanyisha watu kazi juani kati ya saa 6:30 mchana na saa 9:00 alasiri. Miezi hiyo sisi Waafrika Mashariki tunaoishi huku, walinzi wa majengo, wasafishaji, vijana wa pikipiki za chakula na wachache tunaokaa ofisini, hutumiana tahadhari za joto kwenye simu. Iliyozunguka sana msimu uliopita ilituonya juu ya "kiharusi cha joto".

Kiharusi, kwa mzungumzaji wa kawaida, ni mtu kupooza upande mmoja na mdomo kwenda kando. Aliyezidiwa na joto hapoozi. Mwili unawaka, anaanza kusema yasiyoeleweka, anaanguka, na anahitaji kupozwa kwa maji mara moja huku gari la wagonjwa likiitwa. Mwenzake akikaa kungoja mdomo upinde, muda wa kumwokoa unapita. Jina la Kiingereza la hali hiyo lina neno lilelile linalotumika kwa kiharusi. Mfasiri, binadamu au mashine, akaliunganisha tu. Watu wenyewe husema "jua limempiga".

Nayasema haya kwa sababu kazi yangu ni kutengeneza tovuti, na ofisi yetu ndogo imepewa kusanifu upya tovuti ya asasi moja ya elimu ya afya ya umma yenye wasomaji Kenya, Tanzania na huku Ghuba. Vikao vya kwanza vilikwenda kwenye rangi, nembo na picha ya mama anayetabasamu. Kiswahili kikawekwa mwisho: kitufe kwenye kona, ukikibonyeza mashine inafasiri. Kwa maoni yangu mpangilio huo umesimama kichwa chini, na wa kuugeuza ni ninyi mnaosoma jarida hili kuliko sisi wa kompyuta.

Chukueni kisanduku cha kutafutia. Tovuti ya zamani ina ukurasa mzuri juu ya shinikizo la juu la damu, lakini ukiandika "presha" haileti kitu. Ukiandika "sukari" unapata mapishi. Tanzania tulipewa UVIKO-19, istilahi iliyoundwa vizuri, na bado anayetafuta anaandika "korona". Sisemi istilahi zifutwe. Ibaki kichwani mwa ukurasa, na neno la mtaani liwe mlango wa kuifikia. Kuna pia "matokeo chanya". Darasani tunajua maana yake. Nyumbani, matokeo chanya ni habari njema. Mwambie hivyo mtu aliyepima VVU uone anavyoshukuru Mungu.

Tena Kiswahili ni kipi? Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, watafiti wa Translators without Borders waliokwenda Beni na Goma walikuta kwamba Kiswahili cha vipeperushi si lazima kiwe Kiswahili cha msomaji. Hapa Al Nahda jengo moja lina Mmombasa, Mtanga, Mkongo wa Bukavu na Mganda ambaye, tuseme kweli, angependa Kiganda. Kitufe cha kona hakiwezi kujua hayo.

Nimeambiwa kikaoni kwamba Dubai Kiingereza kinatosha. Kinatosha getini na kwa bosi. Lakini msomaji wetu wa huku mara nyingi hasomi kwa ajili yake. Amepokea ujumbe wa sauti kutoka Lushoto: mama kichwa kinauma, miguu imevimba, dada ni mjamzito na ameanza kuona damu. Yeye ndiye mwenye intaneti ya uhakika, kwa hiyo anasoma hapa na kusimulia kule usiku huohuo. Akisoma Kiingereza, anageuka mfasiri wa tiba bila kusomea, akiwa amechoka na zamu ya saa 12. Ukurasa uliokwisha kusema kwa Kiswahili "mpelekeni hospitali sasa hivi, msisubiri asubuhi" unampunguzia kazi hiyo.

Mfano wa kufuata tunao nyumbani. Mwaka 2012 Tanzania ilianzisha Wazazi Nipendeni: mjamzito alituma neno MTOTO kwenda 15001, akapokea bure ujumbe mfupi wa Kiswahili kadiri mimba ilivyokua. Ndani ya ujumbe huo picha hazikuwapo, rangi hazikuwapo. Picha ya mama anayetabasamu kwenye ukurasa wetu mpya ina uzito kuliko maneno yote ya tovuti, na anayeilipia ni mwenye bando la shilingi 500.

Kwa walimu wetu, kwa heshima: tasnifu moja pungufu juu ya ngeli haitaiua idara. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho achukue kurasa 10 za afya, akae na wasomaji 10 wa kweli, awasomee, kisha awaombe waeleze kwa maneno yao watafanya nini. Wakieleza kinyume, andiko ndilo limeshindwa. Hiyo ni istilahi, ni isimujamii, na ni kazi ya kulipwa. Msikubali kuifanya kwa "ahsante" wakati mchora nembo ana mkataba.

Kwetu ukurasa wa joto bado unaitwa "Kiharusi cha Joto". Nimependekeza "Ukizidiwa na Joto", na wateja wamejibu kwamba watabadilisha akitia saini mtaalamu wa Kiswahili. Wanataka tovuti iwe hewani kabla ya Juni. Nafasi ya mtaalamu huyo bado haina mtu. Anayeitaka amwone mhariri.