Taa ya Injini Si Hukumu

Hapa Londiani, mwenye gari kuukuu la kasi, kama Subaru Impreza ya turbo, mara nyingi huhimizwa kununua vipuri punde taa ya injini iwakapo. Nikiwa mwanaisimu, naona huko ni kuchanganya ishara na kiini chake. Msimbo P0301, usomwao kwa mashine, husema tu kwamba silinda ya kwanza haichomi mafuta ipasavyo. Hauonyeshi kama kosa ni la plagi, koili au injekta. Kila silinda ikiwa na koili yake, fundi makini huhamishia koili ya kwanza kwenye silinda ya pili. Msimbo ukigeuka P0302, koili ndiyo mbovu; usipogeuka, aendelee kuchunguza. Walimu na wanafunzi, alama ya mtihani nayo ni taa: yatuita tuchunguze, haihukumu.