Uasili Si Utetezi: Rekodi za Lady Macbeth wa Mtsensk na Wajibu wa Mhakiki

Utangulizi

Kila inapozuka rekodi mpya ya opera ya Dmitri Shostakovich, *Lady Macbeth wa Wilaya ya Mtsensk*, wahakiki wengi wa Ulaya na Marekani huishika mizani ile ile. Huuliza mambo mawili tu. Kwanza, je, rekodi hii imefuata matini asilia ya 1932 au ile iliyorekebishwa na kuonyeshwa mwaka 1963? Pili, je, mwimbaji anayeichukua nafasi ya Katerina ana sauti ya kuumudu mzigo huo? Rekodi inayofuata matini ya 1932 hupewa daraja la ukweli. Ile ya 1963 husukumwa kando kama zao la woga na kazi ya mkono wa dola. Makala hii inayapinga mazoea hayo. Inadai kwamba swali la uasili, pamoja na umuhimu wake, limegeuzwa kuwa kichaka cha kulifichia swali zito zaidi: opera hii inamhukumu nani na kumwachilia nani, na kila rekodi inaithibitisha au kuitengua hukumu hiyo kwa njia gani?

Kwa mtaalamu wa fasihi swali hili si geni. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba utendaji si vazi linalovishwa matini iliyokwisha kukamilika. Ni sehemu ya matini yenyewe. Fanani akibadilisha kiimbo, amebadilisha maana. La ajabu ni kwamba kanuni hii husahauliwa mara tu muziki ulioandikwa unapohusika, kana kwamba nota hujisemea zenyewe, na kazi ya mhakiki ni kuzihesabu aone kama zimetimia.

Historia na Silogismu Yake

Historia ya opera hii inajulikana, nayo ndiyo chanzo cha upotofu unaojadiliwa hapa. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Leningrad tarehe 22 Januari 1934, na siku mbili baadaye mjini Moscow kwa jina la *Katerina Izmailova*. Mtunzi wake alikuwa na umri wa miaka 27. Kwa miaka miwili ilisifiwa na kuchezwa mara nyingi katika miji hiyo miwili. Tarehe 26 Januari 1936 Stalin alikwenda kuitazama, na tarehe 28 gazeti la *Pravda* lilichapa tahariri isiyo na jina la mwandishi, ikidai kwamba kilichosikika hakikuwa muziki bali vurugu. Opera ikaondolewa majukwaani. Ilirudi Moscow mwaka 1963 ikiwa na jina la *Katerina Izmailova*, maneno yake yakiwa yamelainishwa kwa msaada wa Isaak Glikman, na muziki wake ukiwa umepunguzwa makali mahali kadhaa.

Kutokana na matukio haya imeundwa silogismu rahisi. Stalin aliichukia opera hii. Stalin alikuwa dhalimu. Kwa hiyo opera hii ni sauti ya haki, na kadiri rekodi inavyoikaribia matini iliyomchukiza dhalimu ndivyo inavyoikaribia haki. Hatua ya tatu haitokani na zile mbili za kwanza. Dhalimu anaweza kukichoma kitabu chenye kasoro, na moto huo haukitakasi kitabu. Mateso ya mtunzi ni jambo la wasifu wake. Maana ya kazi yake ni jambo la uhakiki. Mwenye kuyachanganya haya mawili hamheshimu mtunzi, bali anamwondolea haki ya kusomwa kwa makini.

Mizani Iliyochezewa Mapema

Anayedhani kwamba matini ya 1932 ndiyo chimbuko safi na arejee kwenye hadithi ya Nikolai Leskov ya mwaka 1865. Msimulizi wa Leskov ni baridi. Anasimulia kama karani anayeandika kumbukumbu za mahakama. Katerina Lvovna anamuua baba mkwe wake Boris kwa sumu, anamuua mumewe Zinovy akisaidiwa na mpenzi wake Sergei, kisha wawili hao wanamziba pumzi kwa mto mtoto Fedya, mrithi aliyekuwa kitandani mgonjwa. Baadaye, gerezani, Katerina anajifungua mtoto na kumpa kisogo. Leskov hamwombei msomaji wake huruma wala hasira. Anaweka maiti mbele yake na kunyamaza.

Shostakovich na mwenziwe wa libreto, Alexander Preis, walimwondoa Fedya. Mtunzi mwenyewe alieleza kwa maandishi kwamba kumuua mtoto huacha picha mbaya, hata sababu iwe ipi. Maelezo hayo hayahitaji kufasiriwa sana: Fedya aliondolewa kwa sababu angeizuia hadhira kumpenda Katerina. Mtoto aliyezaliwa gerezani naye akafutwa. Boris, kwa upande mwingine, akaongezewa asichokuwa nacho kwa Leskov, yaani uchu wa mkwe wake mwenyewe. Mizani, basi, ilikuwa imekwisha kuchezewa kabla mdhibiti yeyote hajashika kalamu.

Muziki ukaikamilisha kazi hiyo. Boris, Zinovy, kasisi na polisi wamepewa midundo ya ngoma za mzaha na gwaride. Katerina peke yake ndiye aliyepewa melodia ndefu za huzuni zenye mnuko wa nyimbo za watu wa Urusi. Msikilizaji hufundishwa na sikio lake kwamba hapa yupo mtu mmoja, waliobaki ni vikaragosi. Mwaka 1989 mwanamuziki msomi wa Marekani, Richard Taruskin, alilifikisha jambo hili kwenye hitimisho lake gumu. Alidai kwamba opera iliyotungwa kati ya 1930 na 1932, wakati wakulima waliobandikwa jina la kulaki walipokuwa wakiangamizwa kama tabaka, iliwazoeza watu kutowalilia wanaouawa mradi wawe wa tabaka linalochukiwa. Wengi walimjibu kwa kumkumbusha mateso ya mtunzi. Hilo ni jibu la hisia, si la hoja.

Hata hivyo, Taruskin naye anaweza kupingwa kwa upande mwingine. Anaichukulia hukumu iliyoandikwa kama hukumu iliyokwisha kutekelezwa. Ni katika utendaji ambapo kikaragosi anaweza kurudishiwa ubinadamu wake, au kunyimwa kabisa. Hapo ndipo ulinganishaji wa rekodi unapopata maana.

Sauti Moja, Katerina Wawili

Mfano bora umo katika koo la mtu mmoja. Galina Vishnevskaya aliigiza na kuimba nafasi ya Katerina katika filamu ya Mikhail Shapiro ya mwaka 1966, kwa matini ya 1963, Konstantin Simeonov akiiongoza okestra. Mwaka 1978, mjini London, aliimba tena nafasi hiyo, safari hii kwa matini ya 1932, akiongozwa na mumewe Mstislav Rostropovich na okestra ya London Philharmonic. Wawili hao walikuwa wameondoka Urusi mwaka 1974, na mwaka huo huo wa 1978 walivuliwa uraia wa Kisovieti.

Katika onyesho la tatu Katerina yuko peke yake chumbani usiku. Kwa matini ya 1932 anaimba juu ya wanyama wanaotafutana kwa ashiki, kila mmoja na mwenziwe, ila yeye. Kwa matini ya 1963 anaimba juu ya kiota cha ndege alichokiona chini ya paa. Na pale Sergei anapoingia, matini ya kwanza inazifanya tromboni zitende kwa sauti kile ambacho jukwaa haliwezi kukionyesha, kisha ziteleze na kulegea kwa dhihaka. Matini ya pili imeyaondoa hayo.

Wahakiki wa uasili husema kwamba hapa mdhibiti alimnyonga Katerina. Ukweli ni kinyume chake: alimsafisha. Katerina wa kiota ni mke mpweke anayetamani nyumba yenye upendo. Tamaa yake imefutwa, lakini maiti mbili zimebaki pale pale, na sasa zinaonekana kama ajali iliyompata mwanamke mwema. Sikiliza rekodi ya Gennady Provatorov ya miaka ya 1960, pamoja na Eleonora Andreyeva, waliouzindua muundo huo mpya jukwaani: upole wake unamwachilia Katerina kwa ukamilifu ambao mtunzi kijana wa 1932 hakuufikia. Udhibiti, basi, haukuupinga mwelekeo wa opera, uliumalizia. Ndiyo sababu rekodi za 1963 haziwezi kutupwa. Ndizo zinazouonyesha wazi utetezi ambao matini ya kwanza iliuficha chini ya kelele.

Rekodi ya 1978 nayo inasifiwa kwa sababu isiyo yake. Iliuzwa kama matini iliyookolewa, na wengi waliisikiliza kama ushahidi wa wahamishwa. Lakini Vishnevskaya alikuwa na umri wa miaka 51, na sauti yake ilikuwa imeota kingo. Katika noti za juu inakata. Ukali huo, unaohesabiwa na wengi kuwa dosari, ndio ukweli wa rekodi hiyo. Katerina huyu anajua anachokifanya anapoitia sumu ya panya kwenye uyoga. Si mtoto, si mgonjwa, na haombi radhi. Nicolai Gedda anamwimba Sergei kwa utamu unaomfanya msikilizaji aelewe kosa la Katerina bila ya kulisamehe. Kwa hiyo rekodi inayosifiwa kwa kuirejesha matini ya mwathiriwa ndiyo inayomzuia zaidi msikilizaji kumwona Katerina kuwa mwathiriwa tu. Sifa hiyo ni kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye jalada lake.

Rekodi za 1992 na 2006

Myung-Whun Chung alirekodi opera hii na wanamuziki wa Opera ya Bastille mjini Paris, katika rekodi iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maria Ewing anaimba kama mtu anayezungumza na kuta: ananong'ona, anakatika, anayaburuta maneno. Usanii wake ni mkubwa, lakini athari yake ni kumpeleka Katerina hospitalini badala ya mahakamani. Ugonjwa ni utetezi wa aina nyingine. Kinachoiokoa rekodi hii ni Boris wa Aage Haugland. Sauti yake nzito ina mamlaka na hofu ya mtu hai, na anapokata roho akimwita kasisi, mzaha wa okestra hausikiki tena kuwa mzaha usio na gharama.

Mwaka 2006 mjini Amsterdam, Mariss Jansons aliiongoza okestra ya Royal Concertgebouw, Martin Kušej akiwa mwelekezi wa jukwaa na Eva-Maria Westbroek akiwa Katerina. Rekodi hiyo ya sauti na picha inapendwa sana, na haikosi sababu. Lakini sauti ya Westbroek imejaa, ina joto, na inapendeza hata inapotenda maovu, na okestra inang'aa kila ukurasa. Uzuri huu nao ni hoja. Humwachilia mshtakiwa kwa sababu tu sikio linampenda. Mhakiki anayeandika kwamba Katerina huyu anavutia mno kisha akaweka kalamu chini ameieleza hatari na kuiita sifa.

Palipo na Kipimo

Yapo mahali matatu ambapo rekodi yoyote ya opera hii inaweza kupimwa. La kwanza ni pasakalia inayofuata kifo cha Boris, ambamo mstari wa besi unarudiwa tena na tena huku okestra ikipanda juu yake kwa uzito wa mazishi. Kasisi amemaliza dakika hiyo tu mzaha wake mbele ya maiti. Je, okestra inamlilia nani? Kiongozi anayeuharakisha ukurasa huu huufanya daraja la kupitia. Anayeupa uzito, kama Rostropovich, anafungua uwezekano kwamba hata Boris anastahili kuliliwa. La pili ni onyesho la Aksinya anayedhalilishwa na wafanyakazi: je, okestra inacheka pamoja na genge, au inalishtaki? La tatu ni kituo cha mwisho, njiani kuelekea Siberia, ambapo Katerina anaimba juu ya ziwa jeusi msituni na kwa mara ya kwanza anaitaja dhamiri yake.

Jina la opera linadai kipimo hiki cha tatu. Katika tamthilia ya Shakespeare, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kwa tafsiri ya S. S. Mushi ya 1968, Lady Macbeth hufuatwa na dhamiri hadi usingizini. Katerina anachelewa kufika huko, na anapofika anamsukuma Sonyetka majini na kuzama pamoja naye. Sonyetka naye ni mtu. Rekodi inayomfanya awe kikwazo tu cha mwisho katika huzuni ya Katerina imekwisha kuamua ni nani anayehesabiwa.

Hitimisho

Atatokea wa kudai kwamba hoja hii inarudia shutuma za *Pravda* kwa lugha ya kitaaluma. Sivyo. Gazeti lilitaka opera hii isisikike. Makala hii inataka isikike yote, hata pale inapomtia aibu anayeipenda. Mwingine atasema kwamba sanaa si mahakama. Lakini ni mtunzi mwenyewe aliyeitisha mahakama hiyo alipoamua kwamba Katerina ahurumiwe na Fedya asahauliwe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: maadamu neno "asilia" linatosha kupata sifa, wanaorekodi hawatakuwa na sababu ya kujiuliza wanamtetea nani. Ni juu ya mhakiki kuwauliza, na kuanza na rekodi anayoipenda kuliko zote.