Mbuna, Samaki wa Mwambani

Wasomaji wetu, sisi wa Mshangano twakaa mbali na Ziwa Nyasa. Lakini yafaa tumjue mbuna, samaki mdogo akaaye miambani kama kule Mbamba Bay. Hukwangua kwa meno utelezi wa kijani ulioota juu ya mawe. Jike huatamia mayai kinywani majuma matatu hivi, wala hali ila kidogo sana.

Mbuna huogopa kuvuka mchanga. Kwa hiyo mwamba mmoja waweza kuwa na aina isiyopatikana po pote pengine. Tangu miaka ya 1960 samaki hao huuzwa ng'ambo, wafugwe katika vyombo vya kioo. Wakiisha mwambani pao, hawaji wengine kushika mahali pao. Basi, ninyi wenye jamaa ufuoni, waambieni: vueni, lakini sazeni mbegu.